Bitiruti na Kanzu ya Ijumaa

Presha yangu ilisomeka 150 kwa 95, na kabla sijafika nyumbani Ngamiani nilikuwa nimeshaokota tiba tatu barazani. Ya kwanza kitunguu saumu. Ya pili niache kwenda Mkwakwani, maana tangu Coastal Union ichukue ubingwa mwaka 1988, uwanja ule kazi yake kupandisha watu presha. Ya tatu juisi ya bitiruti. "Inaongeza damu ile," alisema mzee mmoja huku akipuliza kahawa. Nikamuuliza mwenye presha aongezewe damu ya nini. Akanijibu nisiwe mbishi, niitazame rangi yake tu.

Kesho yake, Ijumaa, nikapanda baiskeli hadi Soko la Mgandini, nikanunua fungu la bitiruti lililoshuka na lori kutoka Lushoto. Nikasaga na tangawizi na ndimu. Blenda yetu ina kifuniko chenye tabia ya kuruka. Siku hiyo kiliruka nikiwa nimeshavaa kanzu, na nyingine zote ziko kwenye beseni. Msikitini jirani wa safu akaninong'oneza kuwa damu ni najisi. Nikamnong'oneza kuwa hii ni mboga. Hotuba ikatupita wote wawili.

Jioni nikanywa nusu jagi kwa pumzi moja. Umeme ukakatika, iliyobaki ikalala mezani.

Alfajiri nikaenda chooni, nikaona nyekundu. Sisi tuliokulia pwani, mkojo mwekundu haukumbushi mboga, unakumbusha kichocho. Madimbwi yote niliyooga utotoni, na konokono wake, yakanipita machoni. Nikaenda zahanati nikiwa nimeshausia nusu ya mali yangu, yaani baiskeli.

"Shikamoo, mzee. Jana ulikunywa nini?" akauliza daktari, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho.

"Juisi tu."

"Juisi ya nini?"

Nilipomjibu, akainamia karatasi ya maabara ili nisione anavyocheka. Mkojo haukuwa na damu wala mayai ya kichocho. Takriban mtu mmoja kati ya kumi, akisema kweli huyo kijana, rangi ya bitiruti humpita ilivyo. Tena rangi hiyo haihusiki na presha. Mwenye kazi ni naitreti, ambayo hata mchicha wetu umejaa tele. Huingia kwenye damu, ikarudi mdomoni na mate, bakteria wa ulimini wakaigeuza naitraiti, kisha mwili ukaifanya gesi ya naitriki oksidi inayolegeza mishipa. Wamarekani watatu walipata Nobel mwaka 1998 kwa habari ya gesi hiyo. Na mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwanywesha vijana nusu lita kwa siku, siku sita. Wakaendesha baiskeli muda mrefu zaidi kwa asilimia 16 kabla ya kuchoka. Nikaichungulia baiskeli yangu dirishani, nikafuta ule wosia.

"Unasukutua dawa ya mdomo?"

"Asubuhi na jioni," nikajisifu.

"Basi unawafukuza vibarua kabla hawajashika jembe."

Kicheko chake kiliisha aliposikia juisi imelala mezani. Kwenye joto la Tanga, akasema, bakteria huanza kazi humo humo jagini, na naitraiti ikizidi huizuia damu isibebe oksijeni. Kichanga ndiye wa kuhofiwa zaidi. Hapo nikakaa wima. Mjukuu wangu ana miezi mitatu, na bibi yake alikwisha kuahidi kumwonjesha kijiko, "naye aongeze damu". Daktari akaniambia pia vidonge vya presha nisiviache, ila nimweleze anayeniandikia kuwa nakunywa juisi, visije vikashirikiana kuniangusha. Na wenye mawe ya figo wakae nayo mbali.

Nilikanyaga baiskeli kushinda wale vijana wa Exeter. Mke wangu alikuwa uani akiiloweka kanzu kwenye jiki. Imeshakuwa ya waridi. "Iliyobaki jagini ungeitumbukizia kanzu yote," akasema, "angalau ifanane." Nilikuwa nimeshaimwaga nyuma ya nyumba, pamoja na makapi.

Jioni jirani akabisha hodi mbio, kanga begani, jogoo kwapani.

"Kaka, kuku wangu wanahara damu!"

Nikamkaribisha kiti, nikakunja mikono.

"Leo wamekula nini?"