Karanga za Mama Mkwe

Mke wangu anauza dagaa Kibirizi. Anawanunua wabichi mwaloni alfajiri, anawaanika, kisha anawapima kwa kisado au kuwafunga maguniani kwa mteja wake wa Dar es Salaam. Usiku, hata akiwa hoi, lazima aandike mauzo kwenye daftari lake la kwaya mbili.

Daftari hilo ni pesa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mfanyabiashara mdogo aliyezidi mauzo ya milioni nne kwa mwaka bila kuvuka milioni saba alitakiwa kulipa kodi ya 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni nne. Mke wangu alikuwa ameuza 5,200,000. Piga hesabu: 36,000. Zile 64,000 zilizobaki zilikuwa ndani ya daftari.

Na daftari halikuonekana. Makadirio yanafungwa Machi 31, nasi tulikuwa tumebakiwa na siku za kuhesabu. Tulipindua magodoro, tukamwaga kabati, tukawashuku watoto. Mwishowe mke wangu alikuta jalada tupu chini ya kapu la mama yake, anayeuza karanga barazani.

"Mama, daftari langu la dagaa umeliona?"

"Lile la mwaka jana? Mwaka si umeisha, mwanangu."

Kurasa zote zilikuwa zimekatwa vipande viwili viwili vya kufungia karanga. Mimi nilikaa kimya, maana mkwe hahojiwi. Nilikohoa tu, nikatoka nje. Nikamsikia akiuliza kwani Serikali inataka kuwasoma dagaa waliokwisha kuliwa. Kwa haki, watu wa huku wana kumbukumbu ndefu ya kutozwa na kukwepa: mwaka 1871 Stanley, akija Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo za vitambaa pale Uha mpaka akaamua kupita usiku kwa kunyata.

Sisi hatukuwa na pa kunyatia. Watoto walitumwa mtaani kukusanya vikaratasi. Fundi cherehani alikuwa na kimoja, ameandikia vipimo vya suruali. Muuza kahawa alikuwa navyo kadhaa chini ya birika. Habari ilipoenea kwamba vinatafutwa, watoto wa jirani wakapandisha bei: kikaratasi kimoja kwa pakiti moja ya karanga. Tukawa tunanunua karanga kwa mama mkwe ili tulipie vikaratasi vya karanga za mama mkwe. Biashara yake haijawahi kuchanganya vile.

Shida nyingine ikawa tarehe. Vipande vingi vilikuwa vimekatika juu, mwezi haujulikani. Hapo ndipo nilipomvulia mke wangu kofia. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa kuwavuta, kwa hiyo siku za mbalamwezi pale mwaloni huwa kimya, na daftarini kunabaki pengo. Alitandaza vipande mkekani, akayatafuta mapengo, akaupanga mwaka mzima kwa mwezi wa angani, kalenda mkononi. Palipokosekana karatasi alijazia kwa ujumbe wa simu wa malipo ya yule mteja wa Dar.

Binti wa makadirio alizipokea kurasa kwa ncha za vidole. Zilikuwa zimeloa mafuta, zimeunganishwa kwa gundi ya shuleni. Alinusa, akauliza kama biashara ni dagaa au karanga, kisha akaanza kujumlisha. Alijumlisha taratibu, akarudia, akamuuliza mke wangu maswali ambayo mimi nisingeyaweza, naye akayajibu yote kwa kichwa. Tukapewa namba ya malipo: awamu ya kwanza 9,000, nyingine kama hizo mwisho wa Juni, Septemba na Desemba.

Mama mkwe tumemnunulia magazeti ya zamani. Anasema hayafai, wino wake unachafua karanga, na daftari jipya amekwisha kuuliza linaisha lini.