Gorogoro ya Keroka

Mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira umeupasua mji wa Keroka katikati, na tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013 pamekuwa na mvutano kuhusu nani akusanye ushuru wa pale. Wachuuzi wamewahi kulalamika kwamba wanadaiwa mara mbili. Kijana wa Boda hajawahi kulalamika. Mtoza ushuru wa Kisii akimdai risiti, yeye amelipa Nyamira. Wa Nyamira akija, amelipa Kisii.

"Na Mungu unamwambia umelipa wapi?" Mwalimu Mstaafu alimuuliza, Ijumaa moja alasiri, kijiwe kilipokuwa kimejikusanya chini ya mkaratusi kungoja mvua ipite.

"Mungu hana kaunti, Mwalimu. Yake ni rehema tu."

Mzee wa Kanisa aliitikia amina kabla ya kufikiri. Ni Msabato wa siku nyingi, na Ijumaa huwa na haraka: jua likizama kabla hajafika nyumbani, mkewe humhesabia dakika. Lakini mvua ya Gusii haijui Sabato, kwa hiyo alikaa.

Kilichoamsha gumzo ni kopo. Mama Gorogoro, anayeuza mahindi na maharagwe pembeni mwa kijiwe, aliinuka kufunika magunia yake, na kile kipimo chake cha kilo mbili kikabingirika hadi miguuni mwa Mwalimu. Mwalimu akakiokota, akakigeuza, akapitisha kidole. Kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani kama shavu la mtu asiye na magego.

"Mama, hii gorogoro ina kidonda."

"Ilianguka."

"Ikaangukia nyundo?"

Kijana wa Boda alicheka hadi akashika usukani. Asiyejua soko la Kenya aelewe: kishimo cha kina cha vidole viwili kinameza konzi nzima ya mahindi, na ukipima makopo mia kwa siku, hizo ni konzi mia ambazo wanunuzi wamelipia bila kuzipata. Idara ya vipimo ipo na sheria ipo. Ila mkaguzi haji kila siku ya soko.

Mama Gorogoro hakukana tena. Alisema kila Jumapili anatubu, na padri amefundisha kwamba huruma ya Mungu haiishi. "Nikitubu Jumapili, Jumatatu naanza upya."

"Na kopo lile lile," alisema Mwalimu.

Hapo Mzee wa Kanisa akajitwalia mimbari. Akakumbusha habari za Zakayo.

"Zakayo yupi, omogaka?" Kijana akadakia, akimwita mzee kwa Ekegusii. "Yule wa juu ya mkuyu, au huyu wetu wa ushuru?"

Wakenya walimbatiza Rais William Ruto jina hilo kwa sababu ya kodi, kwa hiyo swali lilikuwa halali. Mzee alijibu ni wa mkuyu, yule mtoza ushuru ambaye Yesu alijialika kwake, kisha akajitolea mwenyewe kurudisha mara nne kila alichonyang'anya. Rehema ilifika kwanza, mfuko ukafunguka baadaye.

"Mara nne!" Mama Gorogoro alishika kichwa. "Nimrudishie nani, Keroka nzima?"

Mwalimu, ambaye hawezi kuona somo likipita bila kuliandika ubaoni, alisema mababu walikuwa na njia fupi zaidi. Kabla ya Wakatoliki kufungua misheni Nyabururu na Wasabato Nyanchwa, mwanzoni mwa karne iliyopita, Omogusii aliyeshukiwa uongo aliapishwa emuma. Iliaminika kwamba aliyeapa kwa uongo angeangamia, na balaa ingeweza kushuka hata kwa watoto wake. Hakuna aliyegonga kopo akaenda kula emuma.

"Basi mimi nashukuru wamisheni," alisema Kijana.

Kisha Mwalimu akataja ya kwake, na hilo ndilo lililofanya kijiwe kinyamaze. Mwaka 2015 alisimamia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na karatasi zilipoanza kutembea kutoka dawati hadi dawati, yeye alitazama ng'ombe dirishani. Mwaka huo wenye alama ya A walizidi 2,600 nchi nzima. Mwaka uliofuata Fred Matiang'i, mwana wa Borabu hapa hapa Nyamira, akiwa Waziri wa Elimu, alikaza mtihani, na A zikabaki 141.

"Watoto hawakupumbaa kwa mwaka mmoja," alisema Mwalimu. "Sisi ndio tulioacha kutazama ng'ombe."

Akaongeza habari ya Bradha Peter Mokaya Tabichi, Mfransisko aliyekuwa akifundisha sayansi Njoro alipotuzwa dola milioni moja huko Dubai mwaka 2019 kama mwalimu bora duniani. Huyo alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa maskini. Kwa jina la Mokaya, kijiwe hakikuhitaji kuambiwa kwamba chimbuko lake ni Gusii.

"Asilimia 80!" Kijana alishangaa. "Mimi hata ile ya kaunti inanitoa jasho."

Mzee wa Kanisa alikuwa ameinuka, maana mvua ilikuwa imekatika, lakini Mama Gorogoro hakumwachia aondoke safi. "Omogaka, lile gunia lako la chai lililorudishwa na karani Jumatano, majani yalilowa kwa umande au kwa ndoo ya kuongeza uzito?"

Mzee aliangalia jua. Akasema Sabato inaingia, akaenda zake kwa hatua ndefu kuliko umri wake.

Jumatatu Mama Gorogoro alikuja na kopo jipya, kitako bapa. Bei alipandisha kwa shilingi 10, akamwambia kila mnunuzi sababu bila kupepesa. Wateja wawili walihamia kwa jirani mwenye bei ya zamani, ambaye kopo lake kijiwe hakijapata nafasi ya kuligeuza. Kijana wa Boda alilipa Nyamira, akaitunza risiti kwenye helmeti ili amwonyeshe wa Kisii. Kopo la zamani limepandwa dania mlangoni kwa Mama.