Kuinama Mwadui

Katika nchi nyingine mtu akiinama njiani hudhaniwa kuwa ameangusha senti ama anafunga kamba za kiatu. Lakini Mwadui, mkoani Shinyanga, tangu Dakta John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipovumbua almasi mwaka 1940, kuinama ni tendo lenye mashahidi wengi, na aliyeinama hana budi kueleza ameokota nini.

Hayo yalinisadifu asubuhi moja nilipokuwa nikifuata kijia kinachoandama korongo la mto wa msimu na kupenya katika ngitili, yaani malisho yanayofungwa na wenyewe ili yawafae ng'ombe wakati wa kiangazi. Nilikishukuru kivuli cha miti yake, maana miti ya Shinyanga ilifyekwa zamani ili kumfukuza mbung'o na kuipisha pamba, hata nchi ikakaribia kuwa jangwa. Ndipo mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wanavijiji wakaviacha visiki vichipuke upya. Migunga ikastawi, na miiba yake ikastawi zaidi, mmoja ukaitoboa ndala yangu hadi kisiginoni.

Nikainama. Sijauchomoa sawasawa, wavulana wachunga mbuzi walikuwa wamekwisha nizunguka, na nyuma yao mzee mwenye fimbo.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia, naye akaitikia kwa taadhima, ilhali macho yake yako katika ngumi yangu.

"Fumbua tuone, ng'wanawane."

Nikafumbua. Mzee akaupokea ule mwiba, akaugeuzageuza juani, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mvulana mmoja akauliza kama mimi ni mbeshi, katika wale waingiao mgodini bila idhini. Mwenziwe akamjibu kuwa mbeshi angekuwa amekwisha kimbia.

Mzee akanihadithia kwamba mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi, karati zipatazo 54, akatunukiwa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake. "Ile ilikwenda London," akasema, akinirudishia mwiba, "hii tunakuachia wewe." Tulipomaliza kucheka, mbuzi walikuwa wamekwisha maliza matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, yaliyokuwa kikapuni mwangu, na hakuna aliyewafumbua midomo.

Basi msomaji, ukijaaliwa kufika Mwadui, vaa viatu vya soli nene, omba ruhusa kwa wenye ngitili, na ukichomwa mwiba, ita watu kwanza, ndipo uiname.