Mpe Mhusika Wako Pua

Kwanza mtoe dirishani. Kasimama hapo tangu ukurasa wa pili, mvua inapiga bati, harufu ya udongo inampanda, naye anakumbuka kijijini kwao. Mtoe. Hapo dirishani pamejaa. Wamepangana wahusika wa nusu ya hadithi nilizosoma mwaka huu, na kila mmoja anakumbuka kijiji kilekile, chenye bibi yuleyule na chungu kilekile mafigani. Mvua ni ya watu wote. Kumbukumbu unayoitafuta ni ya mtu mmoja tu, tena ile ambayo mwenyewe asingependa uijue.

Ukishamtoa, mpe pua. Pua ni mlango usio na bawabu. Anachokiona mtu au kukisikia hupita kwanza kwenye kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi, ndipo kiendelee na safari. Harufu hailazimiki kungoja hapo. Ikitoka puani huingia sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu tu ya pua, na kutoka hapo ina njia fupi mpaka amigdala, inayohusika na hofu na hisia nyingine, na hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu. Ndiyo maana mtu anaweza kushikwa na huzuni katikati ya soko kabla hajajua amenusa nini. Zile sekunde kati ya huzuni na sababu yake ni mali ya mwandishi. Ukiandika “ghafla alikumbuka” umezitupa.

Kiswahili kimekwisha kukupa kifaa cha kazi hii. Kitu kibaya kinanuka, kizuri kinanukia. Irabu moja tu imekaa kati ya jaa na waridi. Basi fanya hivi: tafuta kitu ambacho kwa majirani wote kinanuka, kisha uulize ni kwa nani kinanukia, na kwa nini hathubutu kusema. Mafuta ya taa yananuka. Lakini kwa mtoto aliyekuwa akilala gizani hadi mama arudi kazini usiku na kuwasha kibatari, yananukia. Geuza upande wa pili: asumini inanukia, ila kwa mwanamke aliyevishwa kikuba siku ya ndoa asiyoitaka, inanuka. Hujaeleza kitu, na msomaji amekwisha kushika habari nzima.

Harufu ikiwa na jina lake, iite kwa jina lake. Shombo si uvundo, na uvundo si kikwapa. Mwandishi anayeandika “harufu mbaya” mahali penye shombo amemficha samaki, na nyuma ya samaki amemficha mvuvi, mchuuzi na nyumba nzima inayokula kwa kazi hiyo.

Tuchukue shombo hiyohiyo. Mhusika wetu ni Mwanahawa, miaka 34, karani katika ofisi moja Posta, Dar es Salaam. Marehemu baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki Feri, na ada yake ya shule ililipwa kwa noti zenye shombo. Mhasibu alizishika kwa ncha za vidole, akazihesabu uso kaugeuzia pembeni. Mwanahawa, binti wa miaka 12, alisimama kando ya baba yake akitazama viatu. Haya yote uyajue wewe mwandishi, uyaandike kwenye daftari lako, kisha ulifunge daftari.

Ndani ya hadithi, jioni, yuko kwenye daladala. Ametoa elfu tano, konda anamrudishia chenji, na noti moja imelowa kidogo pembeni. Abiria wa jirani anavuta ncha ya mtandio na kujiziba pua. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba harufu ile ilimrudisha miaka ishirini nyuma, kisha atatupeleka shuleni kwa kurasa nne, na daladala imeganda barabarani ikitungoja. Wewe andika anachofanya: Mwanahawa aliikunja noti ile mara nne, akaitia ndani ya kifuko cha miwani, akakifunga. Nyingine akazisokomeza tu mkobani. Acha daladala iendelee. Msomaji sasa ana swali, naye atakufuata mpaka mwisho wa njia kulipatia jibu.

Wengi hutaja mwandishi Mfaransa Marcel Proust katika jambo hili, na ninaona wengi wanamkumbuka vibaya. Husema katika buku la kwanza la riwaya yake À la recherche du temps perdu, lililotoka mwaka 1913, msimulizi alionja keki ndogo ya madeleine iliyochovywa kwenye chai na utoto wake wote ukafunguka. Mambo hayakwenda upesi hivyo. Msimulizi alikuwa akiziona keki hizo madukani bila kukumbuka chochote, macho hayakumsaidia. Funda la kwanza lilimletea furaha isiyo na sababu. La pili halikuongeza kitu. La tatu likampa kidogo kuliko la pili. Akaweka kikombe chini, akahangaika na akili yake mwenyewe, akakata tamaa, akarudi tena, ndipo shangazi Léonie na asubuhi za Jumapili kule Combray vikaja. Nguvu ya ukurasa ule iko kwenye kuhangaika. Na katika rasimu za mwanzo haikuwa madeleine, kilikuwa kipande cha mkate uliobanikwa. Kwa hiyo usihuzunike kama harufu ya rasimu yako ya kwanza ni ya kawaida. Ibadilishe mpaka uipate.

Karibu zaidi na kwetu yuko Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Katika riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi, na katika mzigo wake mdogo mna kijikasha cha udi. Afisa wa uhamiaji anakichukua. Tazama kazi iliyofanywa na harufu hapo. Udi ule umebeba duka la mzee, mfanyabiashara aliyempatia, na maisha mazima kabla ya safari. Kisha mkono wa mtu mwingine unakwenda nao. Harufu inayoweza kuibwa, kumalizika au kufuliwa ikatoka kwenye nguo ina matukio ndani yake. Ile inayoelea tu hewani haina.

Sikio, ulimi na ngozi unaweza kuvitumia kwa mbinu hiyohiyo, kwa hiyo sitakaa sana: vikombe vya muuza kahawa vikigongana, ukoko wa wali ulioungua upande mmoja, ubaridi wa sakafu ya saruji kwa mtu aliyelala chini muda mrefu. Chagua kimoja. Hadithi fupi haihitaji zaidi, na ukitia vitano utakuwa umefungua duka la manukato.

Na usitunge harufu ukiwa umekaa. Nilidhani naijua karafuu, kwa kuwa nimeila kwenye pilau tangu utotoni, mpaka nilipokwenda Pemba wakati wa mavuno na kuinama juu ya jamvi. Karafuu zilizochumwa siku ile zilikuwa na ukali wa majani mabichi na zilinata kidogo vidoleni. Jamvi la pili, lililokwisha kupigwa jua siku kadhaa, lilikuwa la kahawia, lenye harufu nzito na kavu ya kabatini. Zao moja, harufu mbili. Mtoto wa mchumaji na mpishi wa mjini wasingekumbuka kitu kimoja. Nenda ukanuse.

Mwisho rudi kwa Mwanahawa, maana umemwacha na kifuko cha miwani. Siku mbili baadaye yuko gengeni, mshahara haujatoka. Kachukua mchicha, kachukua vitunguu, kachukua mafungu mawili ya nyanya. Anapekua mkoba mara mbili; imepungua elfu moja. Muuzaji anamtazama, watu wanangoja nyuma yake. “Dada, vipi, tupunguze?” Mkono wake unakigusa kifuko cha miwani, unakaa hapo kidogo. Kisha anatoa fungu moja la nyanya ndani ya mfuko, na kuzirudisha juu ya meza, moja moja.