Ukitoka, Zima Antananarivo

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Nilisomea mito, miamba na pepo za kusi na kaskazi, na sijawahi kumwambia mtu kwamba najua kuchora. Aliyenisingizia ni ramani.

Mkuu wetu wa shule alirudi kutoka semina akiwa na kijiba cha roho. Huko alikokwenda, ofisi ya mwenyeji wake ilikuwa na ramani ya Afrika imechorwa ukutani, pana kama mkeka wa msibani. Alipotua mkoba tu akaniita. "Mwalimu, Afrika si somo lako? Nataka yangu ianzie kabatini iishie mlangoni."

Nikampa Afrika yake. Siku tatu nilijifungia mle ofisini na sikutaka mtu aingie, kwa sababu nilikuwa natumia miraba. Unaigawa ramani ya kitabuni kwa miraba midogo, unaugawa ukuta kwa miraba mikubwa ya idadi ileile, kisha unahamisha mstari mmoja mmoja, kama siafu wanavyohamisha mzoga wa panzi. Hata asiyejua kuchora yai anaweza. Siku ya tatu nikafuta miraba, nikafagia chaki, nikafungua mlango. Mkuu akasimama kizingitini, akashika kiuno.

"Kumbe humu ndani tuna msanii!"

Ningejua ningekimbia. Mitaani kwetu msanii ni yule anayekuuzia kiwanja, ukienda kukipima unakuta ni uwanja wa mpira wa kata. Na kwa miraba yangu ile, nilistahili jina hilo kwa maana zote mbili. Wiki iliyofuata, kwenye kikao cha walimu, tulipofika "Mengineyo", mkuu akatangaza kwamba shule itaanza kufundisha sanaa ya uchoraji kwa kidato cha tatu, na kwamba mwalimu amepatikana. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, nikitafuta kwa macho huyo aliyepatikana.

Wanafunzi walijiandikisha ishirini na tisa. Wanane walipenda kuchora. Waliobaki walikuwa wakimbizi wa Fizikia. Wazazi ndio waliofurahi kuliko wote, maana kwetu ukisema mtoto anasoma masomo ya sanaa, mzazi anaelewa Historia na Kiswahili, na jioni hiyohiyo anaanza kumwita wakili. Mzee mmoja alikuja mpaka shuleni kunishukuru. Nilipomwonesha daftari la mwanawe lenye kurasa sita za vikombe, akalifunga taratibu, akaniuliza kama hivyo vikombe ni ushahidi wa kesi.

Usiku ule nilikesha na kitabu cha kuazima. Nilichokipata humo ni kanuni moja, nikaishika kama mtu anayezama anavyoshika gogo: chora unachokiona, usichore unachokijua. Mwambie mtu achore jicho, atachora samaki, kwa kuwa anajua jicho lina ncha mbili na duara katikati. Mwambie achore uso, ataweka macho juu karibu na nywele. Pima kichwa chochote, utayakuta macho yako katikati, nusu kwa nusu kati ya utosi na kidevu. Nilikipima changu kwenye kioo kwa rula saa saba za usiku. Mke wangu aligeukia ukutani bila kuuliza kitu.

Kipindi cha kwanza cha vitendo nilinunua vitu kwa hela yangu: ndizi kisukari kumi, maembe mawili na nanasi. Nikavipanga kwenye ungo juu ya meza, karibu na dirisha ili mwanga utoke upande mmoja na vivuli vikae vizuri. "Chora unachokiona," nikasema, "usiongeze, usipunguze." Kilikuwa kipindi pacha, dakika themanini. Penseli zikaanza kukwaruza. Kulikuwa na utulivu ambao sijawahi kuupata kwenye Jiografia, nikaona niende mara moja ofisini nikanywe chai.

Niliporudi, nanasi lilikuwa limekaa peke yake kwenye ungo kama mjane.

Nikauliza nani kala matunda. Kimya. Nikauliza tena kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Kimya kilekile. Basi nikakusanya kazi, nikakaa kusahihisha, na hapo ndipo nilipoielewa nguvu ya sanaa. Karatasi za safu ya mbele zilikuwa na ndizi kumi. Safu ya pili, ndizi saba na embe moja. Safu ya tatu, ndizi nne. Safu ya nne walichora nanasi na maganda, na maganda yamekolezwa vivuli kwa ufundi wa kutia uchungu. Nilipozipanga karatasi kwa mfuatano wa ndizi, nikapata wizi mzima hatua kwa hatua, kama sinema. Na sikuweza kumnyima alama hata mmoja, kwani kila mtu alikuwa amechora alichokiona.

Ya mwisho ilitoka kwa binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu aingie shule hii nilikuwa sijaisikia sauti yake. Alichora nanasi, alichora ndizi moja, na kutoka upande wa kushoto wa karatasi alichora mkono unaoifuata ndizi hiyo. Mkono huo ulikuwa na saa. Mkanda wa saa ulikuwa umekatika na kushonwa kwa uzi mweusi, mishono mitatu, kila mshono unaonekana. Shule nzima mkanda wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, na uliufunga mkono wa kaka mkuu.

Nikaipeleka picha kwa mkuu wa shule kwa mbwembwe za mpelelezi. Akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Hii saa ina mishale," akasema.

"Ndiyo, mkuu. Binti ana jicho."

"Inasema saa tano na dakika ishirini. Kipindi chako kinaanza saa ngapi?"

"Saa nne na dakika arobaini, mkuu."

"Na saa tano na ishirini wewe ulikuwa wapi?"

Kaka mkuu alifyeka nyasi uwanjani siku mbili. Mimi nilipewa zamu ya wiki mbili mfululizo.

Nilidhani kosa langu ni kufundishia matunda, nikahamia kwenye vipimo. Mchoraji hupima vitu vya mbali kwa penseli: unanyoosha mkono, unasimamisha penseli, unafumba jicho moja, unatembeza kidole gumba mpaka urefu ulingane. Nikawapeleka wanafunzi dirishani, nikachagua mlingoti wa bendera, nikafumba jicho. Mlingoti ulikuwa mwembamba mno kuonesha jambo, nikahamia kwa kitu kilichokuwa pembeni yake. Kitu hicho kilikuwa mwalimu wa Kemia. Yeye, kwa upande wake, alipoinua kichwa aliona mwanamume mzima dirishani, jicho moja limefumbwa, kidole gumba juu, na nyuma yake vijana ishirini na tisa wamefumba jicho vilevile. Alikuja na buti la maabara mkononi. Niliokolewa na kengele.

Ikaja zamu ya rangi. Niliandika barua ya kuomba bajeti, ikajibiwa kwa neno moja: "Bunifu." Nikamwendea mtunza stoo, nikampa historia ya Edward Saidi Tingatinga, mwana wa kusini, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa kiwandani. Hakuwa na chuo wala turubai. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Mtunza stoo alisikiliza mpaka machozi yakamlenga. Akaniletea makopo mawili yaliyobaki shule ilipopakwa rangi: bluu ya madirisha na krimu ya kuta.

Kwa hiyo twiga wetu walikuwa wa bluu. Simba wa bluu, mbuyu wa bluu, na jua la krimu. Shida haikuwa hiyo. Rangi ya mafuta ikishazeeka koponi hukauka ngozi ya juu tu, na chini inabaki mbichi kama uji. Nikazitundika picha kwenye ukuta wa veranda, kwa bahati mbaya asubuhi ya kikao cha wazazi. Mjumbe mmoja wa bodi, mzee wa heshima zake, alichoka kusubiri akaegemea ukuta. Alipojibandua, mgongoni mwa kanzu yake nyeupe palikuwa na twiga mzima, kutoka pembe mpaka kwato.

Watu waligandisha pumzi. Mimi, kwa kuwa mdomo hauna pazia, nikawaambia wanafunzi wangu waliokuwa jirani: "Mnaona? Picha ya kuchapa hugeuka. Huyu alikuwa anatazama kulia, sasa anatazama kushoto." Wote wakaandika. Mzee alikataa kanzu isifuliwe. Nasikia huivaa harusini.

Hapo nikaona ni salama zaidi kufundisha historia. Nikawapa habari za Kondoa, michoro ya kale ya miambani, mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150, watu warefu na wanyama waliopakwa kwa udongo mwekundu, na kwamba mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo hayo katika urithi wa dunia. Siku tatu baadaye matroni aliniita bwenini. Ukuta ulikuwa na kundi la pofu wanaofukuzwa na mpishi wa shule mwenye mwiko, yote kwa mkaa. Walipoulizwa, wahusika walijibu kwa adabu kubwa kwamba wa Kondoa nao walichora walipolala, na wao wanasubiri UNESCO.

Mahafali yalipokaribia, mkuu wa shule akasahau yote akataka picha yake. Akavaa suti, akakaa kitini verandani baada ya chakula cha mchana, mikono magotini, kifua mbele. Wanafunzi wakamzunguka. Nikawakumbusha ile kanuni, Mungu anisamehe. Siku hiyo kulikuwa na maharage, na upepo ulikuwa mwanana. Dakika ya kumi na tano mkuu alisinzia.

Vijana ishirini na wanane, kwa busara za nchi hii, waliendelea kuchora kiongozi aliye macho. Binti wa dawati la nyuma alifuta alichokuwa ameanza, akageuza karatasi, akachora upya: kichwa kimelala begani, mdomo wazi, miwani imeteleza mpaka ncha ya pua, na kifungo cha pili cha shati kimeingia tundu la tatu. Kusema kweli ilikuwa picha bora kuliko yoyote niliyowahi kuiona shuleni, nikaificha katikati ya rundo. Mkuu alianza kulipekua rundo kuanzia katikati.

"Huyu si mimi," akasema. Akaamuru binti aende akapige magoti ofisini mpaka atakapomkumbuka aliyemchora vizuri zaidi. Nikabaki kuomba radhi. Mama, mkewe, alikuwa amemletea tai ya mahafali, akaichukua ile karatasi kutoka mkononi mwake. Akaitazama. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Baba nanihii," akasema, "hata mkoromo nausikia."

Kesi ikafa palepale. Tukaenda sote ofisini kumwinua binti. Tulimkuta magotini, lakini hakuwa anaangalia sakafu kama wanavyofanya wengine. Alikuwa ameinua shingo, jicho moja amefumba, kidole gumba mbele, anaipima Afrika yangu.

"Mwalimu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza naisikia sauti yake ikiuliza kitu, "Madagaska iko wapi?"

Tukatazama ukutani. Mashariki ya Msumbiji kulikuwa na bahari ya bluu, nzuri, imetulia. Kisiwa cha nne kwa ukubwa duniani, zaidi ya kilomita za mraba 580,000, hakikuwepo. Nikakumbuka. Mraba ule ulikuwa na swichi ya taa. Niliuruka nikijiambia nitaurudia, nikaja kufuta mistari, nikapigiwa makofi. Miezi kumi na minne nilikuwa nimepita mbele ya ukuta ule kila siku. Wakaguzi walikuja, wakaisifu. Mkuu alikuwa akiibonyeza swichi ile asubuhi na jioni. Wote tulijua Madagaska ipo, kwa hiyo tulikuwa tunaiona.

Mkuu alinigeukia taratibu. "Mwalimu wa Jiografia," akasema, akitamka kila neno peke yake.

Sikuwa na utetezi. Nikaenda stoo, nikachukua kilichobaki cha krimu ya kuta, nikarudi na brashi. Nilipoinua mkono, nikaona ni kichekesho kingine, nikampa binti brashi. Hakuomba rula wala miraba. Alifungua atlasi, akatazama, akaifunga, akakichora kisiwa kwa mkono mmoja kuizunguka swichi. Swichi ikaangukia kwenye nyanda za juu katikati ya kisiwa, mahali panapostahili mji mkuu.

Picha ya mkuu amelala imewekewa fremu, iko sebuleni kwake. Mama ndiye aliyeamua. Mimi bado nafundisha uchoraji, nakaa dawati la nyuma. Na jioni nikichelewa ofisini kusahihisha, mkuu hupita akiwa na mkoba wake, huchungulia mlangoni, hunitazama, hutazama ukuta.

"Mwalimu," husema, "ukitoka, zima Antananarivo."