Wanachama Walikunywa Muziki

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa chai hapa karibu na Litein, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kugombea nafasi yangu. Kila uchaguzi ulipofika, mwenyekiti aliuliza, "Katibu je?" na kikao kizima kikaitikia, "Mwalimu aendelee!" Nilikuwa nikirudi nyumbani nimefura kama andazi kwenye mafuta. Nilidhani ni uadilifu wangu. Ilibidi kije kishikwambi ndipo nikaijua sababu ya kweli.

Chanzo cha yote ni mvua. Huku kwetu asubuhi jua huwaka vizuri tu, saa nane mchana mawingu yakajikusanya, saa tisa kila mtu yuko chini ya mabati. Mara nyingine huja na mawe, maana milima hii ya Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Chai huipenda mvua na kuyachukia mawe. Kaunta buku, daftari langu la muhtasari, huchukia vyote viwili. Na kikao chetu hufanyika kituoni, pale tunapopimia majani, ambapo kuna paa, nguzo, na ukuta ambao hutajwa katika kila mkutano lakini haujawahi kujengwa.

Siku hiyo mvua ilikuja kwa ubavu, nami nilikuwa nimelisahau buku juu ya mizani. Tuliporudi kulitazama, maamuzi ya miaka mitatu yalikuwa yamegeuka bwawa la buluu. Karani wa kituo alilinyanyua kwa vidole viwili, likachuruzika. "Mwalimu," akasema, "kwa uzito limefaulu. Ila mimi hupokea majani mawili na chipukizi."

Nilimpigia simu binti yangu aliye Nairobi nikamlilia.

"Baba, siku hizi watu hawaandiki vitabuni. Nitakutumia tableti."

"Kishikwambi," nikamrekebisha. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini, na ualimu haustaafu.

"Haya Baba, hicho hicho."

Kilifika kwa matatu siku ya tatu, kimefungwa vizuri, hakina kalamu. Nilitafuta hadi chini ya kadibodi. Kumbe kalamu huuzwa peke yake, kama vile mtu akuuzie ng'ombe kisha akutajie bei ya chuchu. Nikashuka Kericho mjini, kijana mmoja wa duka la simu akanipa kikalamu cha shilingi mia mbili chenye kichwa cha mpira. "Hii inaandika kila kitu, mzee." Kweli iliandika kila kitu, isipokuwa herufi. Ukiandika "a" na "o" na "e", zote zilitoka zimenenepa kama watoto wa familia moja. Nilihisi kama ninaandika kwa mwiko wa kusongea ugali.

Mjukuu wangu aliye kidato cha pili ndiye aliyenifafanulia. Kioo cha namna hii hakijali kusukumwa. Huhisi kitu kinachopitisha umeme kinapokigusa. Ndiyo maana ukucha haukifanyi kitu, lakini tone la mvua hukichanganya.

"Tena, Kugo," akasema, maana ndivyo tunavyomwita babu, "mwaka 2010 Wakorea walikuwa wakitumia soseji ili wasivue glovu kwenye baridi."

Mtu aliyesomesha watoto wa watu hawezi kupuuza utafiti. Nilikwenda steji nikanunua soseji moja ya smokie, nikamwambia muuzaji asiipasue wala asiitie kachumbari. Alinitazama kwa huruma. Nyumbani niliishika kama kalamu, nikaandika juu ya kioo: AJENDA. Ilitoka! Herufi nene zilizong'aa mafuta, lakini zilisomeka. Nikaingia ndani kuchukua miwani ili nifurahi vizuri zaidi. Niliporudi, mbwa alikuwa amemaliza kalamu na sasa alikuwa anairamba ajenda.

Binti yangu aliposikia habari hiyo alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akatuma kalamu yenyewe, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kishikwambi hicho. Hapo nikaelewa kilichokuwa kinakosekana. Kalamu ya namna hiyo hutambuliwa na kioo kuwa ni kalamu, si kidole wala kiganja wala smokie, hivyo unaweza kuegemeza mkono ukaandika kama uandikavyo kwenye meza. Sasa ilibaki kuchagua programu, jambo ambalo niliambiwa huchukua dakika tano. Lilichukua mwezi.

Ya kwanza niliipa jina la Mkarimu. Ilinikaribisha kwa maneno matamu, ikanipa karatasi za mistari, za miraba, hata za muziki. Nikafungua daftari la mikutano, la pili la mbolea, la tatu la madeni. Nilipotaka la nne, la ukuta, Mkarimu akasafisha koo: madaftari ya bure ni matatu, la nne hulipiwa kila mwezi. Nikamweleza binti yangu kwamba kaunta buku nililinunua mara moja tu, na halikuwahi kunifuata mwisho wa mwezi likidai kodi. Akanipa pole, akasema hata wakubwa huteleza hapo. Novemba 2021 kampuni ya Notability, ambayo watu walikuwa wameinunua kwa malipo ya mara moja, ilitangaza kuhamia malipo ya mwaka. Wateja wa zamani walipiga kelele, na ndani ya siku chache kampuni ikawarudishia walichokuwa wamenunua. Habari hiyo niliipenda. Kelele zile tunazijua huku; sisi huzipiga kila Oktoba bonasi ikitangazwa. Tofauti ni hizo siku chache.

Ya pili niliiita Mjuaji. Hii haikuridhika kuhifadhi mwandiko wako. Iliusoma, ikaugeuza kuwa herufi za chapa, safi kama gazeti. Kazi hiyo ina historia ya kuaibisha watu. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ilitoa kifaa cha mkononi kiitwacho Newton, kilichojigamba kusoma mwandiko wa mwenyewe, na kikasoma vibaya kiasi kwamba wachora vibonzo wa Marekani walipata chakula cha wiki nzima. Mambo yamekuwa bora tangu wakati huo. Programu za siku hizi hufuata jinsi kalamu ilivyopita, zikalinganisha na mistari ya watu wengi, kisha zikaangalia kamusi na kuchagua neno linaloelekea zaidi kuwa ndilo. Kiswahili Mjuaji alikuwa nacho. Shida ni neno lisilo katika kamusi yake: hakubali liwe geni, hulisukuma hadi kwa jirani aliye karibu.

Hilo sikulijua usiku ule nilipoandika muhtasari wa kikao kilichopita, nikabofya pa kugeuza, nikaona herufi zimenyooka kama michai iliyopogolewa, nikalala usingizi wa katibu wa kisasa.

Kesho yake tulikuwa zaidi ya thelathini chini ya mabati. Kabla sijakiwasha kishikwambi, nilimwona mwenyekiti akikitazama kwa jicho baya. Huku mashine si jambo dogo. Kwenye mashamba makubwa mashine za kuchuma zimechukua kazi ya mikono mingi, na mwaka 2023 baadhi yake zilichomwa moto katika maandamano. Mzee mmoja, aliyepanda michai yake ya kwanza mwaka ule ule mamlaka ya chai, KTDA, ilipoundwa, 1964, akauliza waziwazi: "Mwalimu, na hiyo inachukua kazi ya nani?"

"Si ya mtu yeyote, mzee," nikamjibu. "Inanisaidia mimi tu."

Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, na kwa kuwa maandishi yalikuwa ya chapa, nikampa mama mweka hazina atusomee. Alisimama, akakohoa, akaanza kwa sauti ya kanisani.

"Mkutano ulifunguliwa kwa maombi. Wanachama walilalamika kwamba majini mabichi yalikaa kituoni hadi saa mbili usiku yakisubiri lori."

Kikao kikanyamaza. Mtu mmoja wa nyuma akatazama nguzo aliyoegemea, akasogea.

"Majani," nikasema. "Majani mabichi."

"Hapa ni majini, Mwalimu. Nisome kilichoandikwa au nisome unachotaka?"

"Endelea, Mama."

"Ilikubaliwa kila mwanachama achukue mifuko miwili ya mbogo kwa mkopo."

"Mbolea!"

"Baadaye wanachama walikunywa muziki, na mwenyekiti akafunga kikao kwa kusema kongoni."

Mwenyekiti, ambaye alisema kongoi, yaani asante, kama afanyavyo kila Mkipsigis mwenye adabu, alivua kofia. Muziki ulikuwa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni yenye mkaa wa senetwet, yale tunayowapokelea wanariadha uwanja wa ndege. Lakini kwa dakika kumi hakuna aliyetaka ufafanuzi. Watu walicheka hadi karani akaegemea mizani, ikasoma kilo arobaini na mbili.

Ningeponea hapo, laiti mama mweka hazina angekuwa mtu wa kucheka tu. Yeye alikuwa bado anakitazama kioo. "Mashine si mjinga," akasema. "Lazima kuna kitu ilikiona." Akabofya mahali fulani, mwandiko wangu wa asili ukajitokeza. Akautazama wima, akaugeuza ubavu, akampa mwenyekiti. Mwenyekiti akampa karani. Kishikwambi kikazunguka kikao kizima kama kibuyu, na kila aliyekipokea alikunja uso kama aliyeonja kilichochacha.

"Wako wanaosema jina Kericho linatokana na dawa, kerichek," mzee akasema taratibu. "Sasa naamini. Huu ni mwandiko wa daktari."

"Mimi naona nyayo za kuku," akasema mwingine.

"Kuku mwenye haraka," akaongeza karani.

Hapo mama mweka hazina akatoa kwenye mkoba wake buku la zamani, lile la kabla ya mafuriko, ambalo lilikuwa limekaa kwake pamoja na risiti. Akalifungua katikati, akanisogezea. "Mwalimu, mwaka 2019 ulitusomea kwamba tulikubaliana kutoa shilingi mia tano tano za ukuta. Mimi siku zote nilikumbuka mia tatu. Hebu tuonyeshe."

Niliutazama ukurasa ule. Nilijua ni mkono wangu, kwa sababu ya doa la chai. Lakini kile kilichokuwa baada ya neno "shilingi", kama kweli lilikuwa neno "shilingi", kingeweza kuwa 300, kingeweza kuwa 500, na kwa mwanga fulani kingeweza kuwa picha ya bata. Nilitafuta miwani mfukoni, nikijua haimo. Kwa mara ya kwanza nikauona ukweli uliokuwa umeketi mbele yangu miaka kumi na moja: sikuwa nikisoma muhtasari. Nilikuwa nikikumbuka, huku nimeinamia kitabu. Na hawa watu hawakunichagua kwa uadilifu. Walinichagua kwa sababu anayeshika ufunguo wa ghala hafukuzwi, na mlango wa buku lile hakuna mwingine aliyejua kuufungua. Mjuaji ndiye msomaji wa kwanza aliyejaribu kusoma nilichoandika badala ya kuniuliza nilimaanisha nini.

"Kumbe," mzee akasema, wala hakuwa na ubaya, "inachukua kazi ya katibu."

Kabla ya uchaguzi nilikuwa na wiki mbili, na nakiri nilizitumia vibaya. Nilitafuta programu ya tatu, na safari hii nilijua ninachotaka. Nilikuja kuiita Bubu. Bubu haigeuzi mwandiko, haitafuti neno, haina kamusi. Unachora, inahifadhi, basi. Ni ya bure, haihitaji intaneti, na ukiisukumia mstari uliopinda itautunza na kupinda kwake hadi kiama. Nilimpigia binti yangu nikamwambia nimepata programu bora kuliko zote.

"Ubora wake ni nini, Baba?"

"Ni ya siri sana," nikasema. Akacheka kwa muda mrefu, ndipo nikajua kwamba habari za kikao zilikwisha kufika Nairobi.

Siku ya uchaguzi mwenyekiti aliuliza, "Katibu je?" Hakuna aliyeitikia kwa haraka. Kisha mtu akamtaja mama mweka hazina, na wote wakapiga makofi, nami nikiwa miongoni mwao, kwani ukiona wenzako wanapiga makofi halafu wewe umekunja mikono, itaandikwa, na sasa itasomeka. Mimi nikapewa cheo cha mshauri wa kumbukumbu. Hakina posho, lakini kina kiti. Kishikwambi kimebaki changu, ila siku za kikao mimi hukishika juu ya magoti, na kalamu huishika yeye.

Mwandiko wake ni wa shule ya msingi ya zamani, umesimama, umeungana, kila "i" ina nukta yake. Mjuaji huusoma kama maji. Majani yakaacha kuwa majini, mbolea ikaacha kuwa mbogo, na maneno aliyokuwa hayajui alifundishwa moja baada ya jingine: hata kongoi sasa inapita bila kupigiwa mstari mwekundu. Na mchango wa ukuta umeandikwa 300, kwa tarakimu na kwa maneno.

Bubu bado ninayo. Huiandikia mambo yangu ya ndani usiku, nikiwa na hakika kwamba hakuna mtu atakayeweza kuyasoma. Asubuhi hugundua kwamba nami nimo katika hao watu.

Neno moja tu Mjuaji hakufundishwa. Nilimwonyesha katibu mpya pa kubofya, akaniambia wanachama wamekataa. Kwa hiyo kila mwezi, kibuyu kinapozunguka na mvua ikigonga mabati, mtu hunyoosha kikombe na kusema, "Nimiminie muziki, Mwalimu," nami hummiminia. Na chini ya kila muhtasari, baada ya ajenda zote na kabla ya sahihi, umo mstari uleule: wanachama walikunywa muziki, kikao kikafungwa.