Jinsi ya Kuzeeka Kwale: Mwongozo kwa Wasiojihadhari

Hongera kwa kufikisha miaka 70. Kuanzia leo wewe ni hazina ya taifa. Muulize yeyote anayeshika kipaza sauti kati ya Matuga na Lunga Lunga. Ili hazina hiyo idumu, zingatia haya.

Mvi. Zipake piko mapema. Kwale na kwa majirani zetu wa Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukiufuata uvumi hadi chimbuko lake unakuta shamba. Basi usiwe na mvi na minazi kwa pamoja. Usimsifu mtoto wa jirani kwamba amenenepa, hata ukitanguliza mashaallah: akiamka na homa, umekwisha.

Sheria. Usiogope, unalindwa. Sheria ya Uchawi ya 1925 inasema kumtuhumu mtu kuwa mchawi ni kosa. Ila isome hadi mwisho: kosa ni kukutaja kijiweni, anayekutaja mbele ya polisi au chifu hana hatia. Kwa hiyo uhai wako unategemea chifu atafanya nini akishasikia. Yuko atakayewaita vijana jioni ileile na kuwaambia wazi kwamba mzee huyu asiguswe. Yuko pia atakayeandika jina lako daftarini na kutangaza baraza la Jumatatu ijayo. Jua mapema wako ni yupi.

Kaya. Usishangae kuona watalii wa Diani wakijifunga kaniki na kuingia msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo kwa adabu, wasikilize mambo ya mizimu na mitishamba. Msitu huo ni mmoja wa misitu ya kaya iliyotiwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ujuzi huohuo nyumbani kwako ni ushahidi dhidi yako. Ukiwa na la kusimulia kuhusu mizizi, hakikisha kwanza anayekusikiliza amelipa kiingilio.

Pesa. Inua Jamii, mpango wa Serikali wa fedha za wazee, itakupa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zisipokuja, usinung'unike: zitakuja zikiwa malimbikizo, neno linalofanya deni lionekane zawadi. Ukilazimika kutoka vijijini Msambweni kuzifuata benki Ukunda, tenga nauli ya kwenda, ya kurudi, na ya kurudi tena ukiambiwa mashine haisomi vidole vyako. Vilivyofutika kwa jembe havikufikiriwa. Mpango unakuruhusu kutaja mlezi wa kukuchukulia. Mtaje mjukuu anayekuogesha na kukupikia uji, si mwana anayekukumbuka siku ya malipo. Mjukuu huyo hana mshahara, hana likizo, na hakuna hotuba inayomtaja.

Mheshimiwa. Atakuja na unga, leso na mpiga picha. Kaa mbele, pokea kwa mikono miwili, na usiufiche uso wake ulio kwenye mfuko. Usiulize habari za dawa za presha wala nani atakayemshika mkono mjukuu wako akichoka. Mambo hayo hayatoki vizuri pichani. Akisema wazee ni baraka, itikia amina. Atakuwa ameshapanda gari.

Katiba. Ikariri, kwa kuwa haina uzito mfukoni. Ibara ya 57 inakupa haki ya kuishi kwa heshima, bila kuteswa, na kutunzwa na familia pamoja na Serikali. Ibara ya 73 inasema kiongozi amepewa jukumu la kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Zote mbili zilipitishwa mwaka 2010, kwa hiyo kila mheshimiwa amepata nafasi ya kuzisoma.

Kura. Agosti 2027 watakujia wengi, nawe utaitwa baba au mama na watu usiowazaa. Usiwaulize watakujengea nini. Kila mmoja muulize swali moja: mzee wa mwisho aliyetajwa kwa uchawi katani kwako alikuwa nani, na usiku ule wewe ulikuwa wapi? Akisema anasubiri ripoti, pokea unga, mshukuru, na umpe kura yako mwingine.